Leseni yangu ya boda itanifikisha wapi ng'ambo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni barobaro wa miaka 24, naendesha boda hapa Mishomoroni, Mombasa, mwaka wa tano sasa, na leseni ninayo. Binamu yangu aliyeko Uingereza asema leseni yangu huko ni ya muda tu, kisha nitaanza upya kama mtoto. Na kuna wakala mjini aniambia Dubai wanatafutwa wapeleka chakula kwa pikipiki, nitoe pesa niende. Nataka kujua wenzetu hufunzwa nini ambacho mimi sikijui, na kwa mpenda pikipiki kama mimi, ni wapi penye nafasi? (Msomaji, Mishomoroni)

Marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu nami nakuuliza: siku uliyobeba abiria wako wa kwanza, ulikuwa umeendesha pikipiki kwa siku ngapi?

Swali hili huwauliza vijana wote wanaokuja kwangu kufunzwa. Jawabu huwa siku mbili, tatu, wiki moja kwa aliyebahatika. Mmoja aliniambia alijifunza jioni moja uwanjani kwa pikipiki ya shemeji yake, kesho yake alfajiri akawa skwodi, yaani mwendeshaji wa kushikilia pikipiki ya mwingine, na hesabu ya tajiri, zile pesa za kila siku za mwenye pikipiki, ikaanza kuhesabiwa hapo hapo. Abiria wake wa kwanza alikuwa mama aliyebeba mtoto, wakielekea Kongowea.

Ukitaka kujua tofauti kubwa kati yetu na nchi unazozisikia, itazame hapo. Wengi hudhani wenzetu wametuzidi kwa barabara nzuri na pikipiki kubwa. Mimi naona wametuzidi kwa jambo moja: kwao kuendesha ni elimu moja, na kubeba mtu nyuma ni elimu nyingine, ya pili haifunguliwi mpaka ya kwanza imekaa mwilini. Japani, aliyepata leseni ya pikipiki leo hapakii mtu mpaka mwaka mzima upite. Na akitaka kupakia mtu kwenye zile barabara zao za mwendo wa kasi, sharti awe na umri wa miaka 20 na leseni ya miaka 3. Uingereza, mwanafunzi mwenye kibao cha herufi L hapakii abiria kabisa, wala haingii barabara kuu za kasi. Australia, jimbo la New South Wales, mwanafunzi naye hapakii. Sisi tunaanza na abiria, halafu tunajifunza naye akiwa mgongoni.

Sisemi haya kukuvunja moyo. Miaka 5 ya Mishomoroni, Bombolulu na Daraja la Nyali si kitu kidogo. Unajua kusoma matatu itakayosimama ghafla kabla dereva wake hajajua. Unajua tuktuk itakatiza wapi. Jicho hilo Mwingereza hulipimia mtihani maalumu: mwanafunzi huonyeshwa video fupi za barabarani, abonyeze kitufe mara tu aonapo hatari inachipuka. Naamini wewe ungeupita huo bila shida. Kilichokupungukia hakiko machoni. Kiko mikononi, na mikono haijisahihishi yenyewe.

Nikuonyeshe ninachosema. Siku za Jumapili huwa natumia kiwanja cha lami nyuma ya godauni moja Shimanzi, malori yakiwa hayaingii. Alikuja bwana mmoja mwenye miaka 8 ya boda, mtu mzima, mwenye heshima yake steji. Nikaweka chupa mbili za maji, nikamwambia aje kwa kilomita 40 kwa saa, akizifikia chupa asimame. Akaja, akakanyaga breki ya nyuma peke yake, tairi ikajifunga, mkia wa pikipiki ukateleza kushoto, akasimama. Tukapima kwa hatua zangu: 22. Nikamuuliza mbona hakugusa breki ya mbele. Akasema, "Ya mbele hubinua, mwalimu." Nikainama kuitazama. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umeshika kutu kwa kutotumiwa, mkono wa breki ukivutwa unafika kwenye mpini na gurudumu halisikii. Miaka 8 alikuwa akiendesha kwa nusu ya breki zake.

Tukabadilisha waya, tukakaza, tukaanza upya polepole. Nilimfundisha kukamua, si kunyakua: vidole viwili vinabana taratibu, uzito wa pikipiki unahamia mbele, tairi ya mbele inajikandamiza barabarani, hapo ndipo unaongeza nguvu. Anayebinuka ni yule anayenyakua breki kabla uzito haujafika mbele, au anayeibana akiwa amekunja usukani, au juu ya mchanga. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa anasimama kwa hatua 12 au 13. Pikipiki ile ile, tairi zile zile, mtu yule yule. Hatua 9 au 10 alizookoa ni karibu urefu wa tuktuk tatu.

Na abiria hubadilisha hesabu hiyo. Pikipiki ya Boxer ina kilo 120 hivi. Ukimpakia mtu wa kilo 70 umeongeza zaidi ya nusu ya uzito wake, na umeuweka nyuma na juu. Usukani unakuwa mwepesi, breki ya nyuma sasa ina kazi zaidi kuliko ulipokuwa peke yako, na kusimama kunataka umbali mrefu zaidi. Mtu aliyejifunza na abiria tangu siku ya kwanza hajawahi kuijua pikipiki yake ilivyo, kwa hiyo hawezi kujua abiria ameibadilisha vipi.

Sasa tutembee kidogo tuone wenzetu.

Uingereza, tangu 1990, kila anayeanza hupita mafunzo ya lazima ya msingi. Mara nyingi huwa ni siku moja. Asubuhi mnaangaliwa macho na kufundishwa mavazi, kisha uwanjani: kusukuma pikipiki kwa mkono, kuiweka stendi, gia, klachi, kona, breki ya dharura. Mwisho ni barabarani kwa muda usiopungua saa 2, mwalimu akikufuata na kuzungumza nawe sikioni kwa redio. Hakuna kufaulu wala kufeli. Mwalimu akiridhika anakupa cheti cha miaka 2, asiporidhika unarudi siku nyingine. Hili nalipenda sana, kwa sababu linamwondolea mwanafunzi hofu ya mtihani na kumwachia hofu ya barabara, ambayo ndiyo ya haki. Cheti hicho kinakuruhusu pikipiki isiyozidi 125cc pamoja na vibao vya L, ukiwa na miaka 17.

Ukitaka leseni kamili, kuna mtihani wa nadharia pamoja na zile video, halafu mitihani miwili ya vitendo. Wa kwanza ni uwanjani: kupita kati ya koni, kuchora nane, kugeuza kwenye nafasi finyu, kwenda polepole kama mtu anayetembea, kisha kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi ukiwa na kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa. Wa pili ni barabarani, mtahini akikufuata. Na leseni zimepandishwa ngazi kwa umri: pikipiki ndogo miaka 17, ya kati miaka 19, kubwa yoyote miaka 24, au 21 kwa aliyeshika ile ya kati miaka 2. Wewe una 24, kwa hiyo mlango wa pikipiki kubwa uko wazi kwako moja kwa moja.

Binamu yako hakukudanganya. Leseni ya Kenya unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu ulipohamia Uingereza, ikiwa imeandikwa daraja la pikipiki. Baada ya hapo Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa dirishani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Utachukua leseni ya mwanafunzi na kupita njia niliyokueleza. Wengi huipoteza miezi hiyo 12 wakijiona wana leseni, ikiisha wanabaki miguu mitupu. Anayejua huanza mtihani wa nadharia mwezi wa kwanza. Na kama ni kazi ya kupeleka chakula, bima ya kawaida haikufai. Sharti iwe ya kubebea mizigo ya watu kwa malipo. Hayo yote ni baada ya viza inayokuruhusu kufanya kazi, na viza hiyo, leseni haikupatii.

Japani ndiko ninakokuonea wivu wa kiualimu. Siku ya kwanza skulini hupandi mara moja. Pikipiki imelazwa chini, unaambiwa iinue. Hilo hufundishwa mapema, kwa kuwa iko siku itaanguka na utakuwa peke yako. Halafu kuna zoezi waliloliita ipponbashi, yaani daraja la ubao mmoja. Ni ubao wa urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30, umeinuka sentimita 5 tu kutoka ardhini. Unaupita kwa pikipiki ya hadi 400cc, na ole wako ukiupita haraka: sharti uchukue sekunde 7 au zaidi. Kwa pikipiki kubwa kuliko hiyo, sekunde 10. Piga hesabu, hiyo ya sekunde 10 ni mwendo wa mtu anayetembea upesi kwenda msikitini. Ukianguka kwenye ubao, mtihani umekwisha.

Kijana wa boda ataniambia, mwalimu, polepole kuna nini? Nami humwambia akumbuke Likoni. Saa kumi na moja jioni, feri imeshusha ulimi wake, chuma kimelowa maji ya chumvi, watu elfu wanatembea mbele yako na nyuma yako lori linapumua. Hapo hakuna kasi ya kukusaidia. Kinachokusimamisha wima ni klachi iliyo nusu, resi kidogo ya kudumu, breki ya nyuma iliyoguswa tu, na macho yanayotazama mbali badala ya kutazama tairi. Hivyo ndivyo vitu vinne ubao ule unavyofundisha. Niliomba ubao kwa fundi wa mbao, nikaulaza chini, na katika vijana kumi wa kwanza hakuna aliyefika mwisho kwa sekunde 7. Kila mmoja alitazama chini.

Ujerumani nitaipita upesi. Huko, pamoja na masomo ya kawaida, kuna masomo maalumu 12 ya dakika 45: matano ya barabara za nje ya mji, manne ya barabara kuu za kasi, na matatu ya gizani. Hayo ya gizani natamani tuyaibe kesho. Uswidi huongeza uwanja wa kufundishia hatari, mwanafunzi aone kwa macho yake pikipiki inavyosimama kwa kasi mbalimbali. Singapore humpandisha mtu ngazi: 200cc kwanza, mwaka mzima, kisha 400cc, mwaka mwingine, ndipo kubwa.

Marekani kila jimbo lina sheria yake. Kuna shirika la usalama wa pikipiki lililoanzishwa 1973 ambalo kozi yake ya wanaoanza hutumika katika majimbo mengi. Hufanyika kwenye uwanja wa kuegesha magari, pikipiki ndogo wanakupa wao, na katika majimbo mengi ukimaliza husamehewa mtihani wa vitendo. Ni kozi nzuri ya kuanzia, lakini naiona fupi, na mtu huhitimu bila kukutana na gari hata moja. Halafu kuna majimbo kama Illinois na Iowa yasiyomlazimisha mtu mzima kuvaa helmeti. Usidhani basi kila cha ng'ambo ni cha kuigwa. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi ulionyesha helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa takriban asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70.

Kwa helmeti twende jirani tu, Kigali. Pale mwenye pikipiki hubeba helmeti ya pili, na abiria hapandi bila kuivaa, awe na nywele mpya au hana. Kwetu sheria ya trafiki inataka hivyo hivyo, helmeti na jaketi ya kung'aa, na abiria mmoja tu. Maandishi yetu si mabaya. Kilichotupungukia ni mtu wa kukusimamia uwanjani kabla hujaingia barabarani. Mtihani wetu unakumbuka ulivyokuwa: ubao wa mji wa mfano, kigari cha kuchezea mkononi, alama za barabarani. Ni muhimu kuzijua, lakini kigari cha kuchezea hakitelezi. Indonesia nao walikuwa na mtihani wa kuchora nane ambao watu waliulalamikia kwamba haufanani na barabara, na mwaka 2023 polisi wakaubadilisha kwa njia yenye umbo la S. Mtihani si msahafu. Hata wetu waweza kubadilishwa.

Sasa Dubai, na hapa nisikilize vizuri kwa kuwa ndipo pesa yako inapotaka kwenda.

Ukiishi na kufanya kazi kule, utahitaji leseni ya kule, na ya Kenya haikupi njia ya mkato: utaingia skuli yao, utalipa masomo, utafanya mtihani. Kile kitabu cha kimataifa kinachotolewa na AA Kenya ni tafsiri ya leseni yako tu, nacho hufaa msafiri, hakimfai mkaazi. Kwa hiyo muulize wakala, na akuandikie: nani analipa skuli na mtihani? Nikifeli, nani analipa mara ya pili? Pikipiki ni ya nani? Faini za barabarani zinakatwa kwa nani? Kabla ya hayo, hakikisha jina la kampuni yake limo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo inayosajili mawakala wa kupeleka watu nje. Wakala anayekasirika kwa kuulizwa hayo, mwache na pesa zako zikiwa mfukoni mwako.

Kule hupita kulia. Utaambiwa utazoea, na ni kweli utazoea, lakini hatari haiko katikati ya msongamano, maana huko unafuata wenzako. Iko alfajiri, barabara ni tupu, unatoka kituo cha mafuta na akili yako ya miaka 5 inakupeleka kushoto. Weka utepe kwenye mkono wa kulia wa usukani, uuone kila unapoondoka. Na jua la kule si letu la upepo wa bahari. Sheria yao husimamisha kazi za nje juani tangu saa sita u nusu mchana hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar husimamisha mapema zaidi, saa nne asubuhi hadi saa tisa u nusu, kuanzia 1 Juni. Nchi haiandiki sheria kama hiyo bure. Uliza ratiba yako ya miezi hiyo kabla ya kutia saini.

Je, penye nafasi ni wapi? Kama ni kipato, Ghuba ina kazi, Uingereza ina kazi kwa mwenye viza, na zote mbili zitakufundisha upya. Kama ni mapenzi ya pikipiki, bado hujaimaliza Pwani yako. Panda Kwale alfajiri hadi Shimba Hills, au shuka Lunga Lunga uvuke Horohoro mpaka Tanga. Kwa safari ya kuvuka mpaka chukua bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA, na uwe na karatasi za pikipiki kwa jina lako au barua ya mwenyewe. Njia ya Nairobi inakatiza Tsavo, ila pikipiki haziruhusiwi kuingia mbugani, na usiku usiipite: ndovu hana taa.

Popote utakapoamua, tumia mwezi mmoja kwanza. Tazama leseni yako imeandikwa daraja gani, maana A3 ndiyo ya abiria na vifurushi. Kagua waya wa breki ya mbele leo hii. Wiki ya kwanza, Jumapili, tafuta kiwanja kitupu, chupa mbili, simama mara 30 ukianza na kilomita 20 kwa saa hadi 40, breki zote mbili. Wiki ya pili chora mstari wa mita 15 kwa chokaa, upite kwa sekunde 7, macho mbali. Wiki ya tatu rudia yote baada ya mvua, lakini si dakika zile za mwanzo za rasharasha, mafuta ya malori yakiwa bado yanaelea juu ya lami. Kisha funga gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma, rudia tena, uhesabu hatua zimeongezeka ngapi.

Wiki ya nne mpakie ndugu yako, avae helmeti. Mwambie asiseme neno mpaka mrudi nyumbani, halafu muulize ni wapi njiani alishikilia kiti kwa nguvu. Hapo ndipo pa kuanzia Jumapili inayofuata.